Kwa Shemeji Tuliyemnyang'anya Usukani

Mpendwa Shemeji,

Nimefika Malaba mara tatu kukutafuta, na mara zote tatu nimerudi Busia bila kusema nawe. Mara ya mwisho nilikuona kabisa. Ulikuwa ndani ya yadi ya matrela, umevaa lile koti la kung'aa, unamwelekeza dereva arudi nyuma: njoo, njoo, kata kulia, simama. Nilisimama kando ya mama anayeuza mayai ya kuchemsha, nikanunua mawili, nikayala yote, nikapanda gari nikarudi. Mimi Nabwire, ambaye ulizoea kusema naweza kubishana na redio mpaka izimike yenyewe, nilikosa la kusema.

Kwa hiyo naandika. Na nimeifanya barua ya wazi, nakala yake imebandikwa kwenye banda la samaki, ufukweni Sio Port, kila mtu aisome, kwa sababu yaliyokupata yalisemwa mbele ya watu. Kuyasahihisha chini chini kungekuwa uoga mwingine, na uoga wangu umeshatosha.

Wasiotujua wajue kwamba wewe ni Wandera, mume wa dada yangu Ajiambo. Kwa miaka minane ulikuwa nahodha wa boti ya kikundi chetu cha akina mama, ile boti ya barafu inayotoka Sio Port asubuhi, inazunguka visiwani kununua mbuta kwa wavuvi na kurudi mchana. Mimi ni mwanachama wa kikundi, na kazi yangu ya kila siku ni kutengeneza simu na kompyuta kwenye kibanda changu Burumba, hapa Busia.

Unakumbuka ilivyoanza? Ni Mama Taabu, mwenyekiti wetu, aliyelileta jambo. Boti mbili za jirani zilikuwa zimeshikwa ng'ambo na askari wa doria, na wenyewe wakaapa hawakujua kama wamevuka mpaka. Mama Taabu akasema, "Majini hakuna ua wala bango. Fundi wetu si yupo? Atutafutie mashine ya kutuonyesha." Fundi ni mimi. Simu tulikuwa tumezijaribu: juani kioo hakionekani, na mkifika katikati mtandao unahamia Uganda na salio linakwisha kabla hujajua uko wapi. Mimi nilikuwa na laptopu kuukuu isiyo na mnunuzi, na kwenye kifurushi cha vitu vya mitumba nilivyopata Malaba kulikuwa na kipokezi cha GPS, kidude cheusi kama kifuniko cha chupa ya chai, chenye waya wa USB. Nikasema naweza kuviunganisha. Nilisema kwa sauti kubwa, unanijua.

Ulikuja kibandani siku ya kuunganisha, ukakaa kwenye kreti ya soda, Ajiambo amesimama mlangoni na kikapu chake. Nikachomeka waya. Mara kishale kikaanza kukimbia chenyewe kwenye kioo, huku, kule, kikafungua faili, kikafunga, kikafungua nyingine, na hakuna aliyekuwa amegusa kitu. Ajiambo akarudi nyuma hatua mbili. "Ashindwe!" akasema. Wewe ukacheka mpaka ukashika mbavu. "Wacha wewe, hakina pepo hicho. Kimelewa busaa tu."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona aibu, mteja mwingine alikuwa pale. Ilinichukua asubuhi nzima kujua kwamba kompyuta ilikuwa imekidhania kile kidude ni mausi, kwa hiyo kila habari iliyotoka kwa satelaiti ilichukuliwa kama mkono wa mtu unasukuma kishale. Nikaingia kwenye orodha ya vifaa, nikamzima huyo mausi wa uongo. Kisha programu ya ramani ikasema haioni GPS yoyote. Ilikuwa inaisikiliza kwenye mlango namba tatu, na kidude kilikuwa kinasema kwenye namba nne. Nikabadili. Bado kimya. Nikapunguza kasi ya mazungumzo mpaka elfu nne na mia nane, na hapo ndipo mistari ya namba ikaanza kushuka kwenye dirisha dogo. Mistari ilikuwa mitupu, haikuwa na mahali, maana tulikuwa chini ya mabati na satelaiti hazionekani kupitia mabati.

Tukatoka uani, mimi nimebeba laptopu, wewe umekiweka kile kidude kwenye kiganja umekiinua kama mtu anayepokea yai. Majirani walitazama. Dakika tano, sita. Halafu alama ya boti ikajitokeza kwenye kioo, nchi kavu kabisa, katikati ya Burumba. Ukainama ukatazama. "Kwani inaniona mpaka nikienda choo?" Nikakwambia inakuona kila mahali penye anga. Ukasema basi utahakikisha choo kina paa.

Nakumbuka pia siku ya kuifunga botini, kwa sababu siku hiyo ulifanya kazi kuliko mimi. Ulikata jerikeni ukatengeneza kofia ya kukinga kioo na jua. Uliifunga laptopu juu ya kifuniko cha sanduku la barafu kwa mipira ya kufungia mizigo kwenye boda. Kidude ukakifunga juu ya mlingoti mfupi, waya ukaupitisha ndani ya bomba maji yasiuguse. Nilipokueleza kwamba ukihamisha waya kwenye tundu lingine la USB namba ya mlango inabadilika na ramani inakuwa kipofu, ulichukua rangi ya kucha ya Ajiambo ukapaka nyekundu tundu sahihi na kichwa cha waya. "Nyekundu na nyekundu," ukamwambia Ouma wa injini, "hata mlevi hakosei." Haijawahi kukosewa.

Sasa nije kwenye laini ya mpaka.

Ramani ya ile programu haikuwa na mpaka wa ziwani wa kuaminika. Tulikuwa na karatasi yenye nukta za mpaka, kuanzia mdomo wa mto Sio kuteremka kusini, kila nukta na namba zake mbili. Karatasi ilikuwa sawa, hilo niliseme wazi. Mimi ndiye niliyeziingiza nukta moja moja na kuziunganisha kwa laini nyekundu. Niliziingiza kwa mkono mmoja, mkono mwingine nimeshika simu ya mteja anayeniharakisha. Laini ikatoka nzuri, inateremka kusini imenyooka. Niliipenda.

Siku ya kujaribu nilipanda botini nawe. Wazee wachache ufukweni walinung'unika kuona mwanamke anapanda, wewe ukawaambia huyu si mwanamke leo, ni fundi. Nikajibu kwamba ni vyote viwili na tukaondoka. Baada ya kama saa moja ulipunguza injini, ukatazama nyuma.

"Shemeji, tumepita."

"Tumepita nini?"

"Mpaka. Tazama vilima vya Samia. Vikiingia nyuma ya kisiwa mpaka ile nundu ya mwisho ipotee, umekanyaga kwa wenyewe. Imepotea."

Nikatazama kioo. Alama yetu ilikuwa upande wa Kenya wa laini, mbali kabisa. Nikakwambia hivyo. Ukarudia kwamba baba yako alikuonyesha, na wewe umepita hapo miaka yote. Ndipo nikasema maneno ambayo leo nikiyakumbuka natamani kujificha chini ya meza. Nikasema, "Shemeji, vilima ni vya kuchungia mbuzi. Hii inaongea na satelaiti."

Ouma alicheka, na wewe hukucheka. Uliniambia, "Haya, fundi," ukageuza boti polepole. Hakuna askari aliyetokea siku ile, na mimi nikachukua hilo kuwa ushahidi.

Kwenye mkutano wa kikundi nikaeleza mashine inavyofanya kazi, akina mama wakanipigia makofi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilitia debe zima. Ukasimama ukasema una wasiwasi na ile sehemu ya kisiwa, kwamba macho yako na kioo havipatani. Mama Taabu akauliza basi tufuate nini. Mama mmoja akasema manahodha wengi chombo huenda mrama, tuchague mmoja. Wakanitazama mimi. Nikasema, tufuate kompyuta. Ikaandikwa kwenye kitabu cha kikundi: nahodha atafuata laini.

Ukaifuata. Wiki ya nne mkashikwa palepale nyuma ya kisiwa, saa tatu asubuhi, wewe na Ouma na mbuta mliokwisha kuwanunua ndani ya barafu. Mlikaa kizuizini huko siku nne mpaka mambo yakamalizika. Boti ilirudi salama. Barafu ilikuwa imeyeyuka, samaki wameoza, na harufu ilifika ufukweni kabla yenu. Ajiambo hakula siku hizo nne. Mimi nilikuwa naye, nikimpikia uji asiounywa, na moyoni nilikuwa nakukasirikia wewe. Nilidhani umekaidi laini.

Kule kwetu ufukweni kuna desturi ambayo watu wa mjini hawaielewi. Chombo kikipatwa na jambo, anayeulizwa ni aliyeshika usukani. Mwenye chombo awe ndani, fundi awe ndani, jibu ni la nahodha. Na nahodha halalamiki kwamba aliambiwa. Akilalamika, wanasema hakuwa nahodha, alikuwa abiria. Nilikuwa naijua desturi hiyo, na siku ya mkutano wa kukuuliza, mliporudi, sikuifikiria hata kidogo.

Mama Taabu alikuuliza, "Wandera, laini ulikuwa unaiona?"

Ukasema, "Nilikuwa naiona."

"Sasa mlivukaje?"

Ukanitazama, kisha ukatazama chini. "Usukani ulikuwa kwangu. Kosa ni langu."

Na mimi, badala ya kuuliza laptopu iletwe tuangalie njia mliyopita, maana programu huihifadhi, na kazi hiyo ingechukua dakika mbili, nilisimama nikasema mbele ya watu wote, "Nilimwambia afuate kompyuta. Yeye na vilima vyake." Watu wakaguna. Wakakuvua unahodha siku hiyohiyo. Baada ya wiki mbili ukaenda Malaba kutafuta kazi ya nchi kavu.

Hayo yote watu wa Sio Port wanayajua. Yanayofuata hawakuyajua mpaka Alhamisi iliyopita.

Kabla mvua za masika hazijaanza, kikundi cha ufuo mwingine kiliniomba nakala ya laini yetu. Nikaona si vizuri kumpa mtu kitu bila kukikagua, kwa hiyo nikamwomba Ajiambo anisaidie. Yeye alisoma kutoka kwenye karatasi, mimi nikitazama kioo. Nukta ya kwanza, mdomo wa mto, sawa. Nukta ya pili akasoma, "Digrii sifuri, dakika nne, N."

Nikasema, "S."

"Hapa ni N."

"Soma vizuri, Ajiambo."

"Nabwire, najua kusoma. Ni N."

Nikaichukua karatasi. Ilikuwa N, ya kaskazini. Nilikuwa nimeingiza nukta ya kwanza kaskazini kama inavyotakiwa, kisha nikabadili kwenda kusini nukta moja mapema mno, nikaendelea S, S, S mpaka chini. Herufi moja. Mtu wa Mombasa akikosea herufi hiyo atajikuta karibu na Moyale, jangwani, atajua papo hapo kuna kosa. Sisi ikweta inapita hapo hapo ziwani. Ukikosea, nukta inahama kilomita kama kumi na tano na bado iko majini, na laini inabaki nzuri. Nilirekebisha herufi. Laini ikaacha kunyooka, ikapinda kuja upande wetu, karibu na kisiwa. Nikafungua njia mliyopita siku ile. Ilikuwa imeambatana na laini yangu ya zamani bila kuivuka, safari nzima. Ulikuwa umetii kila hatua. Na kwa laini mpya, mlikuwa ndani kabisa ya ng'ambo.

Ajiambo aliuliza jambo moja tu. "Hapa ndipo alipokwambia?"

Nikasema ndipo.

Akaweka karatasi mezani. Nilitegemea anitukane, ningeshukuru. Akasema, "Sitamwambia mimi. Utamwambia wewe uliyesema." Akachukua kikapu chake akaenda.

Hiyo ilikuwa kabla ya masika, Shemeji. Sasa vuli imeanza. Miezi yote hiyo nimekuwa nikitafuta sababu. Nilisema nitakwambia ukija Pasaka, ukaja, tukala pamoja, ukanitania kuhusu unene wangu, nikakuongezea nyama. Nilisema kikundi kitanifukuza. Nilisema wateja wa Burumba wakisikia fundi hajui N na S watapeleka simu zao kwingine. Sababu hizo zote zilikuwa za kweli na hakuna hata moja iliyokuwa na maana. Ajiambo alikuwa akija Malaba kila mwisho wa mwezi, analala hapo chumbani kwako na siri yangu kifuani, na kwangu aliacha kukanyaga. Dada yangu aliyekuwa akipita kibandani kila siku ya soko. Nimemkosa kuliko ninavyoweza kueleza.

Aliyenifanya niseme ni yeye. Wiki mbili zilizopita alikuja, hakuketi. Akasema kazini wanakusifu lakini wewe hujiamini tena. Kwamba unampimia dereva nafasi, inatosha, kisha unashuka unapima tena kwa miguu, kisha unamwita mwenzako aje aone. Kwamba mlikuwa mnatembea kwenda kanisani ukamuuliza yeye, mgeni wa Malaba, kama mmepita njia sawa. Kisha akasema, "Aliporudi kutoka ng'ambo aliniambia labda macho yake yamezeeka. Amekuja kuamini hivyo." Akaondoka.

Nilikuwa nimejidanganya kwamba ulijua. Nilijiambia, Shemeji alijua kompyuta ina kosa, akanifichia kwa wema wake, basi tuko sawa. Nilipenda hadithi hiyo kwa sababu ndani yake wewe ulikuwa mkubwa na mimi nilikuwa nimesamehewa tayari. Kumbe ulikubali kosa kwa sababu uliniamini mimi kuliko ulivyojiamini mwenyewe. Nimelia kwa hilo. Sijui niliandikeje vizuri zaidi.

Alhamisi nilibeba laptopu mpaka bandani. Nikaonyesha karatasi, laini ya zamani, laini mpya, na njia yenu. Nikasoma kile tulichoandika kwenye kitabu na nikasema ni nani aliyekiomba. Ouma akasema, "Kwa hivyo tulilala ndani siku nne kwa sababu ya herufi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Fundi, wewe!" akatoka nje, akarudi baadaye. Mama Taabu hakunipigia kelele. Alisema yeye ndiye aliyekuuliza swali na hakuuliza la pili, na hilo atalibeba. Kwenye kitabu wamefuta kwa mstari mmoja, ili maneno ya zamani yabaki yanasomeka, na chini wameandika kwamba nahodha hakuwa na kosa. Mimi wameninyima kuzungumza mikutanoni mpaka mwaka uishe. Ni haki, ingawa utacheka ukinifikiria nimeketi nimefunga mdomo.

Wakauliza nani akupigie simu. Mama mmoja mzee akakataa, akasema mtu mliyemwonea haitwi kwa simu kama boda, anafuatwa alipo. Basi Jumamosi tunakuja Malaba, akina mama wote pamoja na Ouma. Wao watakuomba urudi kwenye boti. Wewe uamue unavyotaka. Yadi ni kazi nzuri, na usirudi kwa sababu ya kuona haya. Mimi nitakuwa mbele, si nyuma yao. Ukitaka kunikaripia, nikaripie wakiwa wanasikia, kama nilivyofanya mimi. Sitajibu. Nimemwambia Ajiambo hivyo, akasema ataamini akiona, lakini aliketi aliposema, na chai alikunywa.

Barua hii imetangulia kwa sababu kuna neno moja sitaki ulisubiri mpaka Jumamosi, wala ulisikie kwa mara ya kwanza katikati ya kelele za matrela.

Siku ile tukiwa majini uliniambia tumepita.

Tulikuwa tumepita, Shemeji. Uliona vizuri. Macho yako hayana neno.

Ni mimi, shemeji yako mdogo,
Nabwire